Dawa, Tui na Kitambi: Tunajibu Barua za Wasomaji

Kaskazi imeingia, wageni wamejaa Malindi, na barua za mwezi huu karibu zote zinanukia ndimu na nanaa. Zinauliza swali lile lile lililovaa kanga mbalimbali: nikae vipi na glasi yangu jioni, na asubuhi nguo zisinibane? Tumezijibu kwa vipimo, kwa sababu bila vipimo mazungumzo haya huwa porojo. Humu ndani toti ni mililita 30 za kinywaji kikali cha asilimia 40, kijiko cha chai ni mililita 5, na kijiko kikubwa ni mililita 15.

Nafanya kazi hotelini upande wa Casuarina. Ijumaa na Jumamosi tukitoka zamu tunakunywa dawa, ile ya vodka, asali na ndimu, kila mtu glasi tatu. Bia niliacha kwa ajili ya kitambi, na nimeambiwa asali haina neno. Mbona suruali inazidi kukataa kufunga?

Kaka, asali ina neno, tena refu. Tuifungue hiyo glasi tuone kilichomo. Dawa inayotengenezwa kwa mkono mkarimu huwa na vodka mililita 60, vijiko viwili vikubwa vya asali, vijiko viwili vya chai vya sukari, nusu ndimu iliyokatwakatwa, na barafu hadi ukingoni. Pombe tupu ina kalori 7 kwa kila gramu. Toti mbili za vodka zina gramu 19 hivi za pombe, kwa hiyo hapo kuna kalori 130 na ushei. Kijiko kikubwa cha asali kina uzito wa gramu 21 na kalori 64, na wewe umetiliwa viwili. Sukari inaongeza 30. Jumla inakaribia 300, na kile kijiti cha kukorogea kinachochovywa asali tena kabla ya kuletwa mezani hatujakihesabu.

Glasi tatu ni kalori 900. Wali mweupe usiotiwa nazi una kalori 130 kwa gramu 100, basi ni kama umekula karibu gramu 700 za wali juu ya chakula chako cha usiku. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, na kwa mwezi unapita kalori 7,000, wakati kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa kalori 7,700. Mwili haufuati hesabu kama karani, lakini suruali yako imekwishaisikia. Na ile bia uliyoiacha? Chupa ya nusu lita ni kalori 200 hivi. Umehama nyumba inayovuja ukaingia isiyo na paa.

Kuhusu asali, watu hudanganyika na mizani. Ni kweli gramu 100 za asali zina kalori 304 na za sukari 387. Ila asali ni nzito: kijiko cha chai cha asali ni gramu 7 na kalori 21, cha sukari ni gramu 4 na kalori 16. Ukipima kwa kijiko, na baa zote hupima kwa kijiko au hazipimi kabisa, asali ndiyo inayokuzidi.

Huhitaji kuiacha dawa. Itengeneze hivi. Asubuhi chukua asali na maji ya moto kwa kiasi sawa, koroga hadi viwe kitu kimoja chepesi, tia chupani uweke kwenye friji. Jioni, kata nusu ndimu vipande sita, uondoe ule uzi mweupe wa katikati. Ziweke kwenye glasi pamoja na vijiko viwili vya chai vya ule mchanganyiko wa asali (hapo umepata kijiko kimoja tu cha asali halisi), kipande cha tangawizi mbichi kilichoparwa, na chembe chache za chumvi. Bonyeza ndimu kwa mpini wa mwiko mara nne au tano, basi. Tia vodka toti moja iliyopimwa, jaza barafu ya vipande vikubwa, malizia kwa mililita 90 za maji ya soda, yale yasiyo na sukari wala ladha. Hiyo ni kalori 95 hivi.

Inapoharibika, huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutia asali kavu kwenye barafu: inaganda, inang'ang'ania chini ya glasi, mnywaji anaona haijakolea anaagiza asali nyingine, na mwisho wa glasi anakunywa zote mbili kwa mpigo. Ya pili ni kuponda ndimu kama unatwanga kisamvu. Ganda na nyama yake nyeupe hutoa uchungu, na uchungu huo hufukuzwa kwa asali zaidi. Ya tatu ni barafu iliyopondwa laini. Kwa joto letu inayeyuka kabla hujamaliza salamu, kinywaji kinakuwa maji, nawe unaongeza vodka "kukirudisha". Chumvi tuliyoitaja haionekani kwenye ladha. Kazi yake ni kuupunguza uchungu ili utamu mdogo uliopo usikike.

Mimi si mtu wa sukari. Nakunywa jini na toniki tu. Toniki si ni maji yenye gesi? — Msomaji, Maweni

Sivyo, dada. Toniki ni soda iliyovaa joho la dawa. Chupa ya mililita 300 ina kalori kama 100 na sukari inayokaribia vijiko sita na nusu vya chai. Huisikii kwa sababu kwinini, ule uchungu wake, inaifunika. Soma kibandiko, maana viwanda hutofautiana. Maji ya soda ndiyo yenye sifuri.

Kama uchungu wenyewe ndio unaoupenda, changanya mililita 75 za toniki na 75 za maji ya soda juu ya toti moja ya jini, kamulia ndimu, tia vipande viwili vya tango. Inashuka hadi kalori 92 au 93. Toniki imimine mwisho na glasi ikiwa imeinama kidogo. Ukiimwaga kwa vishindo, gesi inatoka yote na kinywaji kinalala.

Mume wangu anatimiza miaka hamsini na tutawaalika watu ishirini nyumbani, Barani. Wageni wanataka piña colada. Minazi tunayo uani, nanasi tunanunua sokoni. Tumeambiwa ndicho kinywaji kinachonenepesha kuliko vyote. Kuna njia? — Mama wa nyumba

Bi mkubwa, hongera kwa hamsini. Waliokuambia hawakukosea sana. Piña colada ya hoteli hutiwa ramu toti mbili (kalori 132), mililita 60 za krimu ya nazi ya kopo iliyotiwa sukari (hapo peke yake zinapita 250), na mililita 120 za juisi ya nanasi (64). Inagusa 450. Mchawi ni lile kopo, kwa kuwa limekusanya mafuta na sukari mahali pamoja. Tui lenu la nyumbani halina sukari hiyo. Mafuta linayo, hata hivyo: tui la kwanza, zito, lina kalori 230 kwa gramu 100, na ukilikamua bila maji kabisa linafika 330.

Nyinyi wenye minazi uani mna bahati ambayo baa nyingi hazina, nayo ni madafu. Maji ya dafu yana kalori 19 tu kwa mililita 100 na yanabeba harufu ile ile ya nazi. Kwa hiyo madafu yafanye wingi wa kinywaji, tui liwe kiungo.

Glasi moja inataka: nanasi bivu gramu 100, lililokatwa vipande na kulala kwenye friza usiku kucha, madafu mililita 100, tui zito kijiko kikubwa kimoja, ramu toti moja, maji ya ndimu vijiko viwili vya chai, chumvi chembe. Hakuna sukari. Inakuja karibu kalori 180. Kwa watu ishirini, glasi moja moja, andaeni kilo mbili za nanasi lililokwisha kumenywa na kutolewa moyo. Nanasi hupoteza karibu nusu ya uzito wake kwa maganda, kilele na moyo, kwa hiyo nunueni kilo nne. Madafu lita mbili, tui mililita 300, ramu mililita 600, na maji ya ndimu mililita 200. Zidisheni kidogo, maana kuna watakaorudi.

Mpango wa kusaga una maana yake. Tangulizeni madafu na tui peke yake kwenye blenda, sekunde kumi. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na tui likikutana ghafla na nanasi la barafu linafanya chembechembe nyeupe zinazonata kwenye kaakaa kama nta ya mshumaa. Likiwa limeshatawanyika ndani ya madafu halikusumbui. Kisha tieni ndimu, chumvi na nanasi, msage hadi laini. Ramu iingie mwisho, mzungushe sekunde tatu. Kwa wasiokunywa, mimineni glasi zao kabla ya hatua hiyo. Ndiyo faida ya kuiweka mwisho.

Msiongeze barafu. Nanasi lililoganda ndilo barafu yenu, na ndilo linalofanya kinywaji kiwe kizito kama krimu bila krimu. Nanasi lisilopikwa likipigwa hutoa povu jingi, na povu hilo humdanganya mnywaji adhani amepewa tui tele. Kinyweni mara moja, maana baada ya dakika kumi na tano povu hupanda, maji hubaki chini.

Dafu lichagueni lenyewe. Kitale maji yake bado hayajapata utamu, na koroma yameanza kuupoteza. Kijana wa kuangua anajua, mwambieni ni ya kunywa. Na kama mtajaribu kubadili tui kwa mtindi au maziwa, kama wengi wanavyofanya, jueni kwamba nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Ikikaa nusu saa inachacha uchungu, na aliyeitengeneza atalaumu maziwa.

Kwetu Ganda tunakunywa mnazi. Haukutoka kiwandani, haukutiwa sukari. Wazee wetu walikunywa wakabaki wembamba. Sasa kalori zatoka wapi?

Zatoka kwenye mnazi wenyewe, mzee wetu. Utomvu unapotoka kwenye kilele una sukari ya asili asilimia 12 hadi 15. Chukua lita moja yenye gramu 140 za sukari: hizo ni kalori 560 kabla pombe haijaanza. Hamira iliyomo kwenye chombo cha mgema huila sukari hiyo saa baada ya saa na kuigeuza pombe. Wengi hudhani sukari ikiisha, unene umeisha. Hesabu inasema vingine. Gramu moja ya sukari yenye kalori 4 huzaa takriban nusu gramu ya pombe, na pombe ni kalori 7 kwa gramu. Umepoteza kiasi kidogo tu njiani. Tembo (ndio mnazi wenyewe) tamu la asubuhi na tembo kali la jioni, kwa lita, vinakaribiana: kati ya kalori 400 na 550. Linalobadilika ni kichwa kinavyokwenda.

Wazee walikuwa wembamba kwa kuwa walitembea hadi shambani, wakalima, wakarudi, na mnazi ulikuwa na siku zake na watu wake. Leo unaletwa kwa pikipiki kwenye mtungi wa lita tano, na aliyeketi hajasogea tangu asubuhi.

Mrija pia una hila yake. Anayekunywa kwa mrija kutoka chombo kimoja kinachojazwa tena na tena hajui amefika wapi. Mimina kwenye glasi ya mililita 250, hesabu mbili, acha. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa upande wa kitambi hayo maji yangekuwa heri, ila hujui yametoka kisima gani, kwa hiyo usimwombe.

Assalaam alaikum. Mimi ni wa Lamu, kileo sitii mdomoni. Lakini nina duka la juisi karibu na Mkunguni, nakunywa ninachouza, na nimeongezeka kilo tisa. Safu yenu inanihusu?

Waalaikum salaam. Inakuhusu kuliko wengi, maana mlevi hulala akaacha, na mnywa juisi hana saa ya kufunga.

Tuanze na juisi ya parachichi, ambayo tunaamini ndiyo mkosaji mkuu. Parachichi gramu 150 ni kalori 240, maziwa yasiyopunguzwa mafuta mililita 150 ni 90 na kitu, na vijiko vitatu vikubwa vya sukari ni 145. Glasi moja inakaribia 480, kuliko ile piña colada ya hoteli tuliyoisema juu. Sisemi uiondoe kwenye menyu, wateja watakufuata nyumbani. Wewe unayeinywa kila siku tumia parachichi gramu 60, maji baridi badala ya maziwa, maji ya ndimu kijiko kikubwa, tende moja iliyolowekwa, na chumvi chembe. Inashuka hadi 120 au 130 kwa kutegemea ukubwa wa tende. Ndimu inafanya kazi mbili: inazuia juisi isigeuke rangi ya udongo, na inakata ule ulaini wa mafuta unaolilia sukari.

Ukwaju ndio rafiki yako, ukiufanyia haki. Kwa lita moja chukua nyama ya ukwaju gramu 50 iliyokwisha tolewa mbegu, loweka kwa maji ya vuguvugu dakika ishirini, kamua kwa mkono, chuja. Usiutie kwenye blenda na mbegu zake. Zikipasuka zinaleta ukakasi na uchungu, na muuzaji huuficha kwa sukari. Wengi hutia gramu 150 za sukari kwa lita, na kila glasi ya robo lita inakuwa na kalori 175. Tia gramu 30, ongeza iliki mbili zilizopondwa, kipande cha mdalasini na chumvi, na kila glasi inakuwa 60. Bungo lina ukali wake mzuri nalo, na linavumilia sukari kidogo vilevile ukilipoza vizuri.

Jambo moja la ufundi ambalo watengenezaji juisi wengi hulijua kwa mkono bila kulitaja: ubaridi huufisha ulimi. Juisi uliyoionja ikiwa vuguvugu ukasema inatosha, ikitoka kwenye friji itaonekana pwaya, na hapo ndipo kijiko cha pili kinapoingia. Basi onja ikiwa baridi, kwa glasi ile ile utakayomtilia mteja, na kabla ya sukari jaribu ndimu na chumvi. Ikiwa bado, ndipo utie shira, sukari na maji kiasi sawa kwa uzito, iliyochemshwa ikapozwa. Sukari kavu haiyeyuki upesi kwenye juisi baridi. Inatua chini, na wewe mwenye duka ndiye unayekunywa masalia ya mtungi jioni.

Nikijua usiku nitakunywa, naruka chakula cha mchana na cha usiku ili niweke nafasi. Rafiki zangu wanasema ni akili. — Msomaji, Muyeye

Rafiki zako hawatakuwepo saa saba za usiku mbele ya karai la viazi.

Pombe ikikuta tumbo tupu inaingia kwenye damu haraka, na ini linaiweka mbele ya kazi nyingine zote. Likiwa linaishughulikia, uchomaji wa mafuta unasubiri na utoaji wa sukari kwenye damu unapungua. Sukari ya damu ikishuka, njaa inakuja na jeuri. Viazi karai hunyonya mafuta kwenye unga wake, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120. Zile kalori 500 ulizoziokoa mchana zinarudi na jamaa zake.

Kula saa moja kabla. Pweza wa kuchemsha gramu 100 ana kalori 160 hivi na protini nyingi inayokaa tumboni; samaki wa kuchoma na kachumbari ni sawa; mishkaki miwili ya nyama isiyo na shahamu ni sawa. Korosho za Kilifi ni tamu, lakini gramu 50, ambazo ni viganja viwili vidogo, ni kalori 280. Zikiwekwa katikati ya meza hakuna anayehesabu. Waombe wakuletee kwenye kisahani chako.

Kwa wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari vya aina ya glibenklamaidi, kuruka chakula kisha kunywa kunaweza kuangusha sukari ya damu usiku wa manane, na walio karibu hudhani ni ulevi wakamwacha alale. Wa metfomini nao wasinywe kwa wingi. Zungumza na daktari wako kabla ya kushika glasi. Mjamzito asinywe kabisa. Na tusifichane: mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Vipimo vyetu vinahusu uzito, havimpi mtu cheti.

Jumapili asubuhi baada ya kunywa Jumamosi, mizani inaonyesha nimepungua kilo nzima. Basi pombe inapunguza uzito?

Inapunguza mkojo uliobaki ndani yako, bwana. Pombe huzuia homoni inayoiambia figo irudishe maji, unakwenda chooni mara nyingi kuliko kawaida, na lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mizani. Jumatatu ukishakunywa maji na kula chumvi kidogo, kilo inarudi, pengine na ziada. Pima uzito Alhamisi asubuhi kabla ya chai, kila wiki siku hiyo hiyo.

Nikichanganya vodka na soda isiyo na sukari, si nimemaliza kesi?

Kesi ya sukari umeimaliza. Unabaki na kalori 66 za toti. Ila kuna jambo la kuangalia: sukari huchelewesha kinywaji tumboni, na kisicho na sukari hupita haraka kwenda kwenye utumbo, pombe ikapanda upesi zaidi kuliko ulivyozoea kwa toti zile zile. Punguza mwendo, weka glasi ya maji katikati ya moja na nyingine.

Nafanya kazi kwa Waitaliano, nao jioni ni Spritz na Negroni. Ipi nyepesi?

Spritz ni Prosecco (divai yenye gesi) mililita 90, Aperol (kileo chenye uchungu mwepesi) 60 na maji ya soda kidogo: kalori 150 hadi 170. Negroni ni jini, Campari (kileo kichungu) na vermouth nyekundu (divai iliyotiwa viungo), mililita 30 kila moja: 185 hadi 200. Tofauti ya kalori ni ndogo, tofauti ya nguvu ni kubwa. Spritz unaweza kuinyoosha kwa mililita 60 za ziada za maji ya soda na barafu tele, bila mtu kununa. Negroni ukiinyoosha, Mwitaliano atakuuliza umefanya nini.

Haya yote ya nyumbani ni sawa. Nikiwa baa ya ufukweni na watu nitasemaje bila kuonekana mgumu? — Msomaji, Silversand

Agiza kwa sauti ya kawaida, kama unayeagiza chai isiyo na majani mengi: "Naomba dawa, toti moja, uipimie kwenye kikombe cha toti, asali uniletee kando, juu ujaze maji ya soda." Wahudumu wa Malindi wamekwishasikia maombi magumu zaidi ya hayo. Ukisema tu "isiwe tamu sana" umemwachia yeye aamue, na mkono uliozoea kumimina bila kipimo unaweza kukutilia toti moja na nusu huku asali ikipungua kijiko kimoja. Tazama anavyopima. Kama amegeuka mgongo, uliza, huo si ukosefu wa adabu.

Saa za "mbili kwa bei ya moja" ndizo zinazoharibu mipango mizuri. Glasi mbili huletwa pamoja, barafu ya pili inayeyuka ukiitazama, na unajikuta unakimbizana nayo. Mwambie akuandikie ya pili kwenye risiti, uichukue baada ya saa moja. Akikataa, mpe jirani yako wa meza, ulipe nusu ya bili.